Amana ya Watu: Kazi ya Mlinzi Asiyeshika Rungu

  

Leo hatuna mshono mpya wa dera wala pilau ya Ijumaa. Tunataka kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia mpaka juzijuzi: kazi ya mkuu wa usalama wa taarifa katika kampuni kubwa. Wenyewe humwita kwa kifupi CISO. Ni yule bosi ambaye benki au kampuni ya simu imemkabidhi siri za wateja wake wote, na zikivuja yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Tunaoandika ni wanawake wa kikoba kimoja cha hapa Nyangamara, Halmashauri ya Mtama, mkoani Lindi. Tuliishia sekondari, tukaenda kozi ya ushonaji, tukarudi kufungua vibanda. Mtauliza, fundi cherehani na usalama wa kompyuta wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona tulivyokutana njiani.

Sababu ya yote haya ni binti yetu. Kazaliwa na mmoja wetu, lakini huku kwetu mtoto ni wa wote. Kamaliza kidato cha sita, na amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma kusoma shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa makosa ya kidijitali. Habari ilipofika nyumbani haikupigiwa vigelegele. Babu yake aliuliza, "Mjukuu wangu, unakwenda kusomea wizi wa simu?" Shangazi zake wakasema heri ualimu au uuguzi, kazi ambayo mtu akikuona anajua unafanya nini. Mama yake akaja kwenye kikao chetu cha Alhamisi na maneno mawili. La kwanza, amwache mtoto aende au amshawishi abadili? La pili, anaomba mkopo wa kikoba wa kumnunulia kompyuta mpakato. Kikoba chetu hatutozi riba, kwa hiyo fedha ikitoka imetoka kwa mapenzi, na ikipotea imepotea kwetu sote.

Tukakubaliana kwamba kabla hatujasema ndiyo au hapana, tuijue kwanza kazi yenyewe. Tukauliza wanaojua, tukasoma, binti mwenyewe akatueleza kwa subira. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Kazi hii ilizaliwa na wizi

Mwaka 1994 kijana mmoja wa Urusi, Vladimir Levin, akiwa katika mji wa St. Petersburg, aliingia kwa kompyuta katika mfumo wa benki ya Citibank ya Marekani. Hakuvunja mlango wala hakushika bunduki. Alihamisha zaidi ya dola milioni 10 kwenda kwenye akaunti za wenzake katika nchi mbalimbali. Alikamatwa uwanja wa ndege nchini Uingereza mwaka 1995, na mwaka 1998 akahukumiwa Marekani kifungo cha miaka 3. Benki ilirudisha karibu fedha zote, isipokuwa kama dola 400,000.

Lakini fedha haikuwa kidonda chenyewe. Kidonda kilikuwa wateja wakubwa kuanza kujiuliza, mali yetu iko salama kweli? Ndipo mwaka 1995 benki ile ikamwajiri Steve Katz, mtu anayehesabiwa duniani kuwa wa kwanza kupewa cheo cha mkuu wa usalama wa taarifa. Kazi yake ilikuwa mbili kwa pamoja: kujenga ulinzi, na kuwatuliza wateja waendelee kuiamini benki.

Hapo tukatazamana. Kumbe kazi hii imeanza kwa kutafuta imani iliyopotea, kompyuta zimefuata nyuma. Na imani sisi watu wa pwani tunaijua. Masultani wa Kilwa Kisiwani waligonga sarafu zao wenyewe za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu. Kipande cha shaba chenyewe hakina thamani kubwa. Kinanunua kitu kwa sababu anayekipokea anamwamini aliyekigonga. Namba inayoonekana kwenye simu yako ukiangalia salio ni hivyo hivyo.

Mambo matatu, na kitabu cha vipimo

Binti yetu alituambia kwamba usalama wa taarifa, hata ukisoma vitabu rundo, unarudi kwenye mambo matatu: siri, usahihi na upatikanaji. Siri, ili asiyehusika asione. Usahihi, ili hakuna anayebadilisha kwa hila. Upatikanaji, ili mwenye haki akihitaji apate.

Sisi tukamwambia, mwanetu, hicho si ni kitabu chetu cha vipimo?

Dada mshonaji, fikiri. Katika daftari lako kuna kifua, kiuno na nyonga za nusu ya wanawake wa kijiji. Kuna namba zao za simu. Kuna nani kakopa kitambaa na nani hajamaliza kulipa nguo ya sikukuu. Mwanamke anapokuja kupimwa anafunga mlango, anavua ushungi, anakuachia jambo ambalo hata wifi yake halijui. Hiyo ni siri. Mwanafunzi wako akikosea akaandika 36 mahali pa 63, kitambaa cha watu kimeharibika. Huo ni usahihi. Na panya wakila daftari usiku wa kuamkia Idi, huna upatikanaji, una aibu.

Kuna mwanamume alifika kwenye kibanda cha mmoja wetu akiwa na maneno matamu, anataka namba ya mteja fulani, ati ana salamu zake kutoka Lindi mjini. Mwenzetu akamjibu, "Acha yako wewe, nitampa. Akitaka atakupigia." Yule mtu akaondoka amenuna. Mteja alipoambiwa alikaa chini akashukuru kwa muda mrefu, maana huyo alikuwa mtu anayemkimbia. Namba moja tu ya simu, wapenzi. Sasa fikirini mtu anayelinda namba za mamilioni.

Dini yetu inatufundisha kubisha hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na inatukataza kupelelezana. Sitara si nguo peke yake. Taarifa za mtu nazo zinataka sitara. Hata nchi yetu sasa ina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili kwenye Tume hiyo, na iwe na afisa wa kushughulikia ulinzi huo. Kwa hiyo kazi za namna hii zinaongezeka, na zinataka watu.

Na hilo la upatikanaji msilidharau. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kubwa zinazopita chini ya bahari ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika. Hakuna aliyeiba, lakini intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi jirani. Kwa mteja aliyekwama, mwizi na waya uliokatika ni mamoja, anachojua ni kwamba huduma haipo. Mkuu wa usalama lazima awe amepanga mapema: njia hii ikifa, tutapita wapi?

Kiraka kisichoshonwa

Hapa ndipo tulipocheka mpaka machozi. Binti alisema programu za kompyuta zina matundu, na wenye kuzitengeneza wakigundua tundu hutoa "kiraka". Neno ni letu kabisa! Kazi kubwa ya mkuu wa usalama ni kuhakikisha kila kompyuta ya kampuni imeshonwa kiraka kwa wakati.

Mkidhani ni mchezo, sikilizeni. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Wengi wakasema tutashona kesho. Mwezi Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu lilelile, kikafunga kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza zilikwama, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Kiraka kilikuwepo miezi miwili kabla. Wahenga hawakukosea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku nyingi za mkuu huyu, basi, hazifanani na sinema. Hakimbizani na mtu. Anauliza maswali yanayochosha wenzake. Huyu mfanyakazi aliyehama idara, mbona bado anafungua mafaili ya idara ya zamani? Nakala ya akiba ya taarifa zetu ipo wapi, na lini mara ya mwisho tulijaribu kuirudisha? Kampuni tuliyoipa kazi ya kutuma ujumbe kwa wateja, nayo inalinda vipi? Tukivamiwa saa nane usiku, nani anapigiwa simu kwanza? Kisha anakwenda mbele ya bodi ya wakurugenzi, ambao wengi wao hawajui kompyuta, awaeleze kwa lugha ya kawaida hatari iko wapi na inahitaji fedha kiasi gani. Akifanya kazi vizuri mwaka mzima, hakuna kinachotokea. Na kisipotokea kitu, watu huuliza, huyu tunamlipa ya nini? Mama wa nyumbani analijua swali hilo.

Sanduku la kufuli tatu

Wanakikoba wote mnalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu wa nyumba tofauti. Mwenyekiti hafungui peke yake, wala mweka hazina. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, na hakuna aliyeona kwamba anatuhumiwa.

Benki Kuu ya Bangladesh ilipata funzo hilo kwa uchungu. Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016, wezi walioingia katika mfumo wake walituma amri za malipo kwenda benki kuu ya Marekani tawi la New York, jumla ya karibu dola bilioni 1. Angalieni walivyochagua siku. Bangladesh ni nchi ya Waislamu, mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. New York mapumziko ni Jumamosi na Jumapili. Na fedha zilikokwenda, Ufilipino, Jumatatu ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Siku zote hizo, kila ofisi inamtafuta mwenzake hayupo. Mashine ya kuchapa taarifa za malipo nayo walikuwa wameivuruga, karatasi hazikutoka.

Dola milioni 81 ziliingia Manila. Dola milioni 20 zilizokuwa zinakwenda Sri Lanka zilizuiwa kwa sababu mwizi alikosea herufi. Alitaka kuandika "foundation" akaandika "fandation", mtu mmoja makini akasita akauliza. Herufi mbili zikaokoa dola milioni 20! Kuanzia siku hiyo mwanafunzi wetu wa ushonaji akilalamika kwamba tunamrudisha kuhesabu upya, tunamsimulia kisa hiki.

Tukakumbushana aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani. Inahusu nini? Kuandika deni, kuweka mwandishi mwadilifu, kuleta mashahidi. Mola wetu hakutuambia tuaminiane kwa macho tu. Kuaminiana na kuandikishana havipigani.

Yaliyotufika hapa kijijini

Haya ya New York na Manila yasitufanye tuone jambo liko mbali. Lindi tunaishi kwa korosho na ufuta. Mnada ukishapita, fedha za mkulima zinaingia kwenye akaunti, na siku hizo simu za matapeli huongezeka kama mvua ya masika. "Ile hela tuma kwenye namba hii." "Mtoto wako kaanguka shuleni, tuma ya hospitali haraka." "Hapa ni huduma kwa wateja, akaunti yako inafungwa."

Mwenzetu mmoja, mjane, alipigiwa wiki moja baada ya malipo ya korosho. Mpigaji alimtaja majina yake matatu, akazungumza kwa upole, kwa Kiswahili cha ofisini. Akamwambia afuate maelekezo ili laini yake isifungwe, na katika maelekezo hayo akaingiza namba ya siri. Dakika hazikufika kumi, shilingi 640,000 zimekwenda. Ilikuwa ada ya mtoto na mabati ya paa. Alikwenda polisi, namba ya tapeli ikaripotiwa, fedha haikurudi. Kwa siku tatu hakutoka nje. Hakulilia fedha kama alivyoililia aibu, maana watu walikuwa wanasema, "Mtu mzima anatapeliwaje?"

Tunataka tuseme hapa wazi: mwenye kosa ni mwizi. Kumcheka aliyeibiwa ndiko kunakomfanya anayefuata afiche, na akificha, mwizi anaendelea. Kikoba kilimchangia ada. Mabati yalisubiri mwaka uliofuata.

Jambo lile ndilo lililomwamsha binti yetu. Alikuwa kidato cha nne, na huyo mjane ni bibi yake mdogo. Kila tulipomuuliza kwa nini kozi hii na si nyingine, alijibu kwamba anataka kujua yule mtu alijuaje majina matatu ya bibi.

Na kweli, ndiyo maswali ya kazi hii. Kufuli ya benki inaweza kuwa madhubuti, lakini mtu akiombwa ufunguo kwa upole akautoa, kufuli haina la kufanya. Kwa hiyo mkuu wa usalama mwenye akili hatumii fedha zote kununua mitambo. Anafundisha wafanyakazi, anafundisha wateja, anawatumia wafanyakazi wake barua za uongo za majaribio aone nani atabonyeza, kisha anawaelimisha bila kuwafedhehesha. Anataka kila mtu awe jasiri wa kusema "nadhani nimebonyeza kitu kibaya" dakika ileile, si baada ya wiki.

Ngazi ina vidato vingi

Shangazi zake walidhani mtoto akimaliza chuo ndiyo keshakuwa bosi. La. Kama ushonaji, unaanza kwa kufagia vipande vya nguo.

Wengi huanza chini: kusaidia watumiaji waliosahau neno la siri, kufunga mitandao, kutunza kompyuta. Kisha mtu anakuwa mchambuzi katika chumba cha ulinzi, ambako watu hupokezana zamu saa 24 wakiangalia dalili za uvamizi. Wengine wanakuwa wajaribu, wanaopewa ruhusa kwa maandishi kuivamia kampuni yao wenyewe ili matundu yaonekane kabla mwizi hajayaona. Babu alipoelezwa hiki alitulia, akasema, "Kumbe ni sawa na kumwambia kijana ajaribu kuingia bomani usiku ili tujue fisi atapita wapi." Naam babu, ni hivyohivyo, bila ruhusa ni kosa, na ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wengine wanakuwa wakaguzi wa mifumo, au wachunguzi wa baada ya tukio.

Njiani kuna vyeti vya kimataifa. Kimoja maarufu, CISSP, hata ukifaulu mtihani hupewi kamili mpaka uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 5, ukiwa na shahada unapunguziwa mmoja. Ndipo unafika umeneja, na baada ya miaka mingi, wachache wanafika kwenye kiti cha mkuu. Huko juu kompyuta zinapungua na watu wanaongezeka: bajeti, wanasheria, Benki Kuu, waandishi wa habari, na kupigiwa simu usiku.

Mtihani wenyewe ni uaminifu

Kuna kisa kimoja tulikijadili jioni nzima. Joe Sullivan aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya Marekani, akishughulikia makosa ya kompyuta. Baadaye akawa mkuu wa usalama Facebook, halafu Uber. Mwaka 2016 wavamizi walichukua taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva wa Uber. Walilipwa dola 100,000 wanyamaze, na jambo likafichwa wakati maofisa wa serikali walikuwa wanaichunguza kampuni hiyohiyo kwa tukio la nyuma. Uongozi mpya ulipoingia, mwaka 2017, jambo likatoka hadharani. Mwezi Oktoba 2022 Sullivan akatiwa hatiani na mahakama, na Mei 2023 akapewa adhabu ya kuwa chini ya uangalizi kwa miaka 3, bila kwenda jela.

Alikuwa mjuzi kuliko wengi. Elimu haikumpungukia, alichoshindwa ni kusema ukweli mchungu kwa wakati wake. Tukasema, basi hii ndiyo hatari ya kiti hicho, na si ya Wamarekani peke yao. Siku ikifika, mabosi watasema "tunyamaze kwanza", na wewe umeshika siri za watu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kabla hata ya utume aliitwa Al-Amin, Mwaminifu. Watu wa Makka waliompinga ndio haohao waliweka vitu vyao kwake. Na usiku alipolazimika kuhama kwenda Madina, alimwacha Sayyidna Ali nyuma arudishe amana za watu, hata za wale waliotaka kumuua. Ukitaka kumwonyesha binti yako mfano wa mlinzi wa amana, usiende mbali. Kompyuta atafundishwa Dodoma. Hili lingine linafundishwa jikoni kwa mama, kwenye duka la baba, pale mtoto anapotumwa na elfu kumi na kurudisha chenji yote.

Na mtoto wa kike je?

Hofu zilikuwepo, hatuwezi kuzificha. Mbali na nyumbani, zamu za usiku, chumba kimejaa wanaume, na je, atapata mume? Tulizijibu moja moja. Wauguzi wetu wanakesha zamu, na hakuna anayewasema. Ushungi hauzuii kusoma kioo cha kompyuta. Wanaume kuwa wengi ni kweli, lakini wanawake wameshaanza kujipanga: Nairobi kuna SheHacks, jumuiya ya mabinti wa usalama wa mtandao iliyoanza mwaka 2016, wakifundishana na kushikana mikono, na Laura Tich ni mmoja wa waanzilishi wake. Na mume ni riziki, haiko kwenye fomu ya chuo.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume wa kazi hii huenda hawalioni haraka kama sisi. Mwanamke anajua tangu utotoni kwamba taarifa kidogo ikifika kwa mtu mbaya inaweza kumharibia maisha. Picha, namba, njia anayopita jioni. Tukiwa na mabinti wanaokaa kwenye viti hivyo, watauliza maswali ambayo wengine hayatawajia.

Kikao kilipiga kura. Wawili walikataa, na tunawaheshimu, walihofia marejesho. Waliobaki tulikubali. Mkopo umetoka, kompyuta imenunuliwa, ya mkono wa pili lakini nzima, na babu ndiye aliyemkabidhi, akasema, "Ukajifunze kulinda boma."

Na wewe msomaji, kabla hujafunga ukurasa huu, fanya haya matano leo, usingoje mtaalamu:

1. Namba ya siri ni yako peke yako. Hakuna huduma kwa wateja ya kweli itakayokuomba. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa.
2. Ukipigiwa simu ya dharura, kata, kisha mpigie mhusika mwenyewe kwa namba unayoijua. Suratul Hujurat inatufundisha kuhakiki habari kabla ya kuchukua hatua.
3. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika.
4. Ujumbe wa kitapeli usiufute tu. Upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma, uwaokoe wengine.
5. Fundi, daftari lako la vipimo lifungie kabatini. Na nakala ya madeni uwe nayo mahali pengine.

Ukishafunga ngamia wako, tawakali. Ndivyo tulivyofundishwa, na mpangilio ni huo.

Kama una binti anayependa hesabu na hapendi kuona mtu akidhulumiwa, msikilize. Huenda anaomba kazi ambayo hujawahi kuisikia, na haimaanishi kwamba ni mbaya. Ee Mola, walinde watoto wetu walioko vyuoni, wape elimu yenye manufaa na nyoyo zenye kushika amana. Warudishie waliodhulumiwa kilicho bora kuliko walichopoteza. Amin.

Wiki ijayo in shaa Allah tunarudi kwenye mishono: dera la kitambaa chepesi kwa joto la huku kwetu. Kaeni salama, na namba zenu za siri zikae vifuani mwenu.